Diski Shingoni mwa Watu Wazima

Ijumaa, katikati ya Julai. Meru mjini.

Baridi ya leo ni ile ya kuuma vidole. Ukungu ulishuka asubuhi na haukupanda tena. Mchana kutwa tulisoma taa zikiwa zimewashwa. Nimeoga maji moto, nimekunywa chai ya tangawizi, na bado mdomoni nina ladha ya kitu kilichooza. Si ugonjwa. Ni kinyaa.

Naandika sasa kabla hasira haijapoa, kwa sababu ikipoa nitaanza kuwa na adabu.

Kwa anayenisoma mara ya kwanza: mimi ni muuguzi. Nilifanya kazi wodini kwa diploma, kule Mbeere, miaka mingi kabla sijarudi shule kutafuta digrii. Wanangu wawili wako Gachoka kwa mama yangu. Darasani kwetu wengi ni kama mimi, watu wenye ndoa na mashamba, na miguu iliyovimba mishipa kwa kusimama zamu. Na katika darasa hilo la watu wazima, tangu muhula huu uanze, kuna diski.

Ndiyo, diski. Ile ile ya shule ya msingi. Kama ulisoma upande huu wa Mlima unaijua. Kipande cha ubao chenye kamba. Ukisikika ukiongea lugha ya kwenu unavishwa, na huwezi kukivua mpaka umsikie mwenzako naye akiteleza, umvishe yeye. Jioni mwalimu anamchapa aliyebaki nacho. Nilidhani mambo hayo niliyaacha darasa la nane.

Yetu ya hapa imefungwa kamba ya bandeji na imeandikwa kwa kalamu nyekundu SPEAK ENGLISH. Aliyeileta ni Madam Karimi, mkuu wa idara yetu. Matokeo ya muhula uliopita yalikuwa mabaya, hasa somo la dawa. Madam akaketi, akafikiri, akaja darasani na jibu moja: hatufeli kwa sababu hatujui uuguzi, tunafeli kwa sababu hatujui Kiingereza, na hatujui Kiingereza kwa sababu tunapiga domo kwa lugha za nyumbani kutwa. Kuanzia siku hiyo, Kiingereza tu, darasani, kwenye varanda, kwenye mijadala, hata kwenye foleni ya chakula. Kila Ijumaa mchana, atakayekuwa na diski atasimama mbele ya wote aongee Kiingereza kwa dakika kumi, na atakatwa alama za ushiriki.

Nitasema ukweli. Kuhusu Kiingereza chenyewe, Madam hakukosea.

Mimi mwenyewe kilinichoma. Kwenye mtihani wa dawa za moyo kulikuwa na swali la mgonjwa anayetumia mojawapo ya dawa hizo, ambaye mapigo yake yameshuka chini ya sitini kwa dakika. Nikajua kabisa cha kufanya, maana wodini nimekifanya: hiyo dawa humpi, unamwita daktari. Lakini kati ya majibu ya kuchagua hakukuwa na "usimpe". Kulikuwa na "withhold". Nikaligeuza neno hilo kushoto na kulia. Nikaona "with", nikaona "hold", nikaamua maana yake ni kushikilia, kuendelea nayo. Nikalipita, nikachagua lingine. Karatasi iliporudi nililia chooni, si kwa alama, bali kwa sababu ingekuwa maagizo ya daktari kwenye faili, ningeua mtu.

Kwa hiyo hakuna wa kuniambia lugha haina maana. Dawa zinaandikwa kwa Kiingereza, faili zinaandikwa kwa Kiingereza, mtihani wa bodi ni wa Kiingereza. Nakitaka. Nakitaka kuliko Madam anavyojua.

Ndiyo maana sisi watatu tulianza kukaa pamoja. Mimi; Kendi, msichana wa Kanyakine, mdogo kuliko sote na mwepesi wa kushika; na Mzee Mutwiri wa Muthara, ambaye si mzee sana ila amekuwa muuguzi tangu Kendi akiwa mtoto. Tulikuwa tunakutana nyuma ya jikoni, palipo na benchi na joto la moshi. Tunachukua swali moja la Kiingereza, tunalipasua kwa Kimeru na Kimbeere, maana zinasikilizana kama watoto wa mashangazi. Tunabishana mpaka kila mtu ameona linataka nini, halafu tunajenga jibu kwa Kiingereza, na kila mmoja analisema kwa sauti mpaka ulimi ulizoee. Tukawa tunapanda. Mutwiri, ambaye alikuwa karibu aache masomo, alifaulu majaribio mawili mfululizo akatununulia ndizi choma.

Diski ikaja, benchi likawa kimya. Tulijaribu kujadiliana kwa Kiingereza tu. Mtu anaanza sentensi, anaogopa, anaiacha katikati. Unaona kabisa mwenzako ana jambo machoni na hawezi kulitoa. Tukawa tunasoma kila mtu na daftari lake, bega kwa bega, kama watu wa msibani.

Ijumaa iliyopita aliyekutwa na diski ni Mutwiri. Madam akamsimamisha, akampa mada: nyumbani kwangu. Mtu ambaye ameshika mikono ya wanaokufa, anaambiwa aeleze nyumbani kwake kama mtoto wa darasa la tatu. Akaanza, "My home, it is in Muthara…" Matamshi yake ni ya kwao, na mtu huko nyuma akamwigiza. Kicheko kikapita darasani. Madam hakukikata. Alitabasamu.

Jumatatu tulikuwa wodini. Daktari akauliza nani aliyekuwa na mgonjwa wa kitanda cha dirishani, mkojo wake umekuwaje tangu asubuhi. Mutwiri ndiye aliyekuwa naye. Nilimwona akifungua mdomo. Akaufunga. Daktari akangoja, akakasirika, akapita. Baadaye Mutwiri aliandika yote kwenye faili, lakini nilipomuuliza mbona hakujibu, alinitazama akaniambia kwa Kiswahili, polepole:

"Mama Muthoni, nikinyamaza hakuna wa kunicheka."

Hivyo ndivyo diski imetufundisha Kiingereza.

Sasa leo.

Asubuhi, kabla ya kipindi cha pili, simu ililia. Mama. Mama yangu hapigi asubuhi bila jambo. Muthoni wangu, yule mdogo, alikuwa amewaka moto usiku kucha na ametapika uji. Nikatoka varandani nikasimama karibu na mlango wa stoo, nikamwambia mama kwa Kimbeere, kwa sababu mama hajui lugha nyingine: mvue lile sweta, mpe ile dawa ya maji ya homa, kijiko kile kidogo, mnyweshe maji kidogo kidogo, halafu mbebe mara moja mwende dispensari apimwe malaria, usingoje jua. Nikayarudia mara mbili. Nikamwambia arudie naye, akarudia. Nikakata simu.

Nilipogeuka Kendi alikuwa amesimama nyuma yangu.

Alikuwa na diski tangu jana. Nilijua. Alikuwa amekaa nayo ndani ya sweta, na Kendi akiwa na hofu anashikwa na kigugumizi kibaya sana. Zile dakika kumi kwake zingekuwa kifo. Hakunitazama usoni. Aliivua, akaninyooshea.

"Pole, Mama Muthoni," akasema kwa Kiingereza. "Ni wewe sasa."

"Umesikia nilikuwa naongea na nani?"

"Nimesikia."

"Umesikia nilikuwa nasema nini?"

Macho yake yakajaa. "Nimesikia yote," akasema. Na mkono wake haukurudi nyuma.

Nikaichukua. Ilikuwa na joto la mwili wake.

Na hapa ndipo nisipotaka kuandika, lakini blogu hii niliianza ili nisijidanganye. Nilipoivaa, jambo la kwanza nililofanya halikuwa kumkasirikia Kendi. Nilitega sikio. Nilipita kwenye varanda nikinyata, mimi mama wa watoto wawili, nikisikiliza milango. Karibu na ngazi kijana mmoja wa darasani kwetu alikuwa anamwelekeza mwenzake kwa Kimeru namna ya kupima presha. Anamweleza vizuri kabisa, kwa upole. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nimempata! Mwanangu ana homa Gachoka, na mimi moyo unaruka kwa furaha kwa sababu nimesikia mtu akimfundisha mwenzake.

Niligeuka nikaenda chooni, nikatapika chai.

Nilipotoka nilikuwa nimeshaamua kwamba haitatoka kwangu. Si kwa ujasiri. Niliona tu kwamba nikimvisha yule kijana, naye atanyata, na atakayemvisha naye atanyata, na tutahitimu tukiwa hodari wa kunyata.

Saa sita mama akapiga. Ni malaria. Wamempa dawa, hajaitapika. Amelala. Nikamshukuru Mungu kwa Kimbeere, kwa sauti, katikati ya foleni ya chakula, diski ikiwa shingoni. Hakuna mtu angeweza kunipa ya pili.

Mchana Madam akaingia, akavua skafu, akauliza kwa Kiingereza, "Nani anayo?"

Nikasimama. Mbele ya darasa akaniambia nichague mada mwenyewe, kwa kuwa mimi ni mtu mzima. Watu wakacheka kidogo. Nikasema kwa Kiingereza changu kwamba nitaeleza nilichokuwa nikisema nilipokamatwa.

Nikaeleza. Mama yangu, homa, uji uliotapikwa. Sweta, kijiko, maji, dispensari, kipimo. Sentensi zilikuwa zinakatika kama kamba mbovu, lakini niliziunga. Nilisema kwamba mama yangu hajui Kiingereza, na kama ningemwambia kwa Kiingereza asingeelewa, na mtoto angebaki na sweta na homa mpaka jioni. Hakuna aliyecheka. Hata yule wa nyuma hakuiga kitu. Nilipofika mwisho nilimtazama Madam.

"'She has a fever,'" Madam akasema. "Umesema 'she is having fever'. Umerudia kosa hilo mara kadhaa. Rudia sawasawa."

Nikarudia sawasawa.

Hakuuliza mtoto yuko vipi.

Muuguzi. Mkuu wa wauguzi wanaofundishwa. Mtu amemwambia kuna mtoto mgonjwa, na yeye amesikia sarufi tu.

Akaniambia niketi, na kufikia Jumatatu asikie diski imekwenda kwa mwingine. Nikamwambia, kwa heshima, kwamba haitakwenda. Itakaa kwangu. Akaniambia nimfuate ofisini.

Nitasema pia kuhusu wenzangu, kwa kuwa nao wamenichefua. Nilipokuwa natoka nyuma ya Madam hakuna aliyeinua kichwa. Simu zao ghafla zilikuwa na habari nzito sana. Baadaye, wanne walikuja mmoja mmoja, kwenye ngazi, kwenye lango, mmoja mpaka mlangoni pa choo, kuninong'oneza kwamba nimefanya vizuri, nimewasemea. Walininong'oneza kwa Kimeru.

Ofisini Madam alinikalisha. Hakupayuka, yeye si mtu wa kupayuka. Aliongea Kiingereza chake kizuri, kilichonyooka kama shuka la wodi. Akasema anajua ninamwona mkatili.

"Sisi tulivaa mfupa, Wawira," akasema, akiniita kwa jina langu. "Mfupa wa ng'ombe, wenye nzi, tangu asubuhi mpaka kengele ya jioni. Nilipigwa mpaka nikajikojolea. Na sasa niangalie nilipo. Siku moja mtanishukuru."

Nilimtazama. Nilitamani kumhurumia yule mtoto mwenye mfupa wenye nzi shingoni. Labda kesho kutwa nitaweza. Leo nilichoweza kufikiri ni kwamba mtu anaweza kubeba uchafu huo maisha yote, asome mpaka mwisho wa kusoma, halafu autoe aukabidhi kwa wengine kama urithi.

Nikamwambia, "Madam, ulijifunza Kiingereza kwa sababu ya mfupa, ama ulijifunza licha ya mfupa?"

Kabla hajajibu simu yake ililia. Akaipokea. Na hapo hapo, mbele yangu, uso wake ukalegea, sauti ikashuka, akaanza kuongea Kimeru kitamu, Kimeru cha mtu aliyelelewa na nyanya. Ilikuwa habari ya ng'ombe aliyezaa usiku. Akacheka. Akauliza ndama ameshasimama, ananyonya? Akamwelekeza huyo mtu namna ya kumfunika kwa gunia.

Habari za ndama aliziuliza.

Alipomaliza, aliweka simu, akanitazama, na nikangoja aone alichofanya. Hakuona. Au aliona, akaamua sheria si ya watu wenye ofisi. Akaniambia kwamba diski isipotembea, sitapata alama yoyote ya ushiriki muhula huu. Nikauliza kama ataichukua yeye basi, nimrudishie. Akakataa. "Itembee," akasema. "Haifanyi kazi ikikaa mahali pamoja."

Hiyo ndiyo sentensi ya maana kuliko zote alizowahi kutufundisha.

Kwa hiyo iko hapa. Nimeitupa chini ya kitanda karibu na ndoo. Alama za ushiriki ni kipande kikubwa cha somo. Bila hizo itabidi nifanye vizuri sana kwenye karatasi ili nivuke, na mimi ni yule mtu aliyeshindwa na neno moja. Ninaogopa. Wale walioniachia nafasi kazini, mama yangu anayebeba watoto wangu kwenye jua la Gachoka, wote wananingoja nirudi na digrii, si na hadithi ya diski. Usiku huu sijui kama mimi ni mtu wa msimamo au ni mjinga tu.

Jioni nilimkuta Kendi kwenye mfereji wa hosteli, anafua yunifomu. Nilitaka kupita. Maji yalikuwa ya barafu na vidole vyake vilikuwa vyekundu. Akasema bila kuinuka, "Nipe. Nitakaa nayo mimi. Mimi ndiye nilikuwa nayo."

"Haitembei," nikamwambia.

"Ningefanya nini?" akauliza. Kigugumizi kilikuwa kimemshika, lile neno lilichukua muda kutoka. "Niambie wewe. Ningefanya nini?"

Nilikuwa na majibu mengi ya kumchoma. Nikakumbuka ngazi, na yule kijana wa presha, na moyo wangu ulivyoruka. Sikumwambia habari hiyo. Nilishika upande mmoja wa yunifomu, yeye akashika mwingine, tukaikamua.

Kisha nikamwambia nimeongea na Mutwiri, na kesho asubuhi tunarudi kwenye benchi nyuma ya jikoni. Aje na maswali ya figo, yale marefu.

Akapangusa pua kwa mkono wa sweta. "Kwa lugha gani?"

"Itakayofika kwanza," nikasema.

Atakuja, namjua. Nami nitamweleza figo mpaka zimwingie, kwa sababu atakuwa muuguzi mzuri, na kuna watu huko mbele watakaomhitaji. Kusoma naye naweza. Lakini nikiwa nimempa mgongo, nimeinamia kitabu, na nimsikie akisogea nyuma yangu kama leo asubuhi, je, nitaweza kutogeuka?